Sayari isiyo na macheo: watu wake watahesabuje saa, na mashariki yao itakuwa wapi?

Mwandishi wa Dunga, Kisumu

Ndugu wasomaji, hamjambo. Huu ni mwaka wa pili ninaandika riwaya ya Kiswahili kuhusu watu wa ukanda wetu wa ziwa waliohamia nyota nyingine, wakazaana na kuenea katika sayari na miezi kadhaa. Sayari yao ya kwanza nimeiita Lolwe, kwa heshima ya jina ambalo Wajaluo huliita Ziwa Viktoria, yaani Nam Lolwe. Nimeiweka kwenye Proxima Centauri, nyota iliyo karibu zaidi na Jua letu, umbali wa miaka ya nuru 4.24, na nimeijenga juu ya sayari halisi iliyotangazwa mwaka 2016, ambayo huizunguka nyota hiyo kwa siku 11.2 tu. Kwa kuwa iko karibu mno na nyota yake, inadhaniwa kwamba huielekezea uso mmoja daima, kama Mwezi unavyotuelekezea sisi. Upande mmoja ni mchana usiokwisha, upande wa pili ni usiku usiokwisha, na kati yake pana ukanda wa utusitusi ambamo watu wangu wanaishi.

Nimekwama katika sura ya tatu, mahali ambapo mvuvi anamwambia mkewe kwamba atarudi saa moja asubuhi. Nilipoisoma sentensi hiyo kwa sauti niliona haina maana. Saa yetu tunaihesabu tangu jua linapotoka, na hapa Kisumu hutoka karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, ndiyo maana haijawahi kutusumbua. Kule hakutoki jua. Nikaona pia kwamba mashariki na magharibi, kwa asili yake ya Kiarabu, ni mahali jua linapochomoza na mahali linapotua, na kwamba kaskazini na kusini zimetokana na kaskazi na kusi, pepo za Bahari ya Hindi. Hata “mchana kutwa” na “usiku kucha” ni maneno ya jua. Je, niwaachie watu wangu maneno haya yakiwa makavu, au wabuni mengine? Na ni chombo gani kitakachowapa saa?

Mwalimu wa fizikia, Nakuru

Ndugu mwandishi, nimefurahi kwamba umekwama mahali pazuri. Ruhusu nikusahihishe jambo moja kwanza. Umeandika kana kwamba anga la Lolwe limesimama, lakini kilichosimama ni nyota mama peke yake. Sayari iliyofungwa uso mmoja kwa nyota yake bado inajizungusha kwenye mhimili wake, mara moja katika kila mwaka wake, kwa hiyo mtu aliyesimama upande wa giza ataziona nyota nyingine zikichomoza upande mmoja na kutua upande wa pili, mzunguko mzima kwa siku 11.2. Mashariki haijapotea. Imehama kutoka kwa jua kwenda kwa nyota, na anayeiona ni yule aliye gizani. Wa upande wa mchana hana nyota wala kivuli kinachosogea. Akipigilia mti ardhini leo, kivuli chake kitakaa palepale hadi wajukuu zake wazeeke.

Fikiria hilo litafanya nini katika jamii. Walio gizani, ambao pengine ndio maskini, wanakuwa wenye kalenda, na walio mwangani hawana budi kuwaendea kuuliza tarehe. Mimi ningeijenga siasa yote ya riwaya juu ya hapo.

Kuhusu nyota yenyewe, usiiandike kama Jua letu lililopakwa rangi nyekundu. Ni kibete chekundu (nyota ndogo yenye mwanga hafifu) chenye takribani asilimia 12 ya uzito wa Jua, lakini kwa kuwa sayari iko umbali wa kilomita zipatazo milioni 7 na nusu tu, itaonekana angani ikiwa pana karibu mara tatu kuliko Jua tunavyoliona sisi. Nayo ni nyota ya hasira. Machi 2016 ilionekana ikilipuka na mng'ao wake kuongezeka takribani mara 68 kwa muda mfupi. Kwa sababu hiyo sikubaliani na nyumba zako za vioo katika sura ya kwanza uliyotuwekea hapa mwezi uliopita. Watu wachimbe. Sisi huku tunaishi kando ya volkano ya Menengai, na huko Olkaria mvuke wa ardhini umekuwa ukitoa umeme tangu 1981. Mhandisi aliyetoka kaunti hii akifika Lolwe, la kwanza atakaloulizia ni kama ardhi ina joto.

La mwisho ni safari. Voyager 1, chombo cha anga kilichorushwa mwaka 1977, huenda kilomita 17 hivi kwa sekunde, na kwa mwendo huo umbali wa Proxima ungekichukua zaidi ya miaka 70,000. Ukikipa chombo chako sehemu moja ya kumi ya kasi ya mwanga, safari itakuwa miaka 42 na ushei, yaani atakayeondoka akiwa kijana atafika akiwa mzee. Wapatie uzito kwa kukizungusha chombo: gurudumu lenye nusu kipenyo cha mita 224, likizunguka mara mbili kwa dakika, huwapa wakazi wa ukingoni uzito uleule wa duniani. Usiandike “mashine ya mvutano” ukaliacha hivyo, tafadhali.

Msomaji wa Mumias

Assalamu alaykum. Swali la saa lilinigusa kwa njia nyingine, kwa sababu kwetu alasiri na magharibi si saa tu, ni swala, na baadhi ya watu wa Lolwe bila shaka watakuwa Waislamu, maana huwezi kuhamisha watu wa magharibi mwa Kenya ukaisahau Mumias.

Jambo hili lilikwisha kufikiriwa kwa dhati. Mwaka 2007, Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alipokwenda kwenye kituo cha anga za juu, ambako jua huchomoza na kutua takribani mara 16 kwa siku, wanazuoni wa nchi yake walitoa mwongozo: nyakati za swala zifuate mahali chombo kiliporushwa. Kuhusu kibla, yaani upande wa kuelekea katika swala, waliweka ngazi. Aelekee Al-Kaaba akiweza, asipoweza aielekee Dunia, na asipoweza hilo aelekee popote.

Ukiufuata mwongozo huo, watu wako watachukua saa za mahali walipoondokea. Ikweta inakatiza barabara pale Maseno, na kurusha chombo kutoka ikweta kunakipa msukumo wa bure wa mzunguko wa Dunia, takribani mita 465 kwa sekunde, kwa hiyo mahali petu hapa panafaa. Basi saa ya Lolwe iwe saa ya Maseno. Bibi aliyezaliwa kule, ambaye hajawahi kuona jua likitua, ataswali magharibi jua la Maseno linapotua, na atajua ni saa hiyo kwa sababu mama yake alijua. Usimnyang'anye neno hilo.

Mwana wa Port Victoria, Busia

Mwalimu na dada wa Mumias wamesema vizuri, lakini mvuvi hangojei nyota ya siku kumi na moja ili ajue muda wa kurudi kwa mkewe. Marehemu baba alikuwa mvuvi wa omena. Usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, alikuwa akiiwasha karabai, akaipampu mpaka inguruma, akaielea majini na kungoja omena wakusanyike chini ya mwanga. Muda aliuhesabu kwa mafuta. Alikuwa akisema “tutatega mara mbili kwa taa moja,” na mama nyumbani alijua hasa maana yake ni nini.

Hapo ndipo nina shaka na ukanda wako. Palipo na utusitusi daima, taa haivuti samaki ipasavyo. Mvuvi wako hana budi kusafiri hadi gizani.

Na mwelekeo ataupata kwa upepo. Hewa baridi ya upande wa giza, kwa jumla, itakuwa ikitambaa chini kuelekea upande wa joto, kwa hiyo katika ukanda upepo utavuma kutoka upande mmoja miaka yote. Mabaharia wa Pwani walikwisha kutupa maneno: upande unakotoka upepo ni goshini, na unakokwenda ni demani. Mtu wa Lolwe atasema ndugu yake anaishi goshini, akimaanisha karibu na giza. Kama kaskazi ilitupa kaskazini, sioni kwa nini upepo wa Lolwe usiwape wao jina la mahali.

Mwandishi wa Dunga, Kisumu

Nawashukuru nyote, na nyumba za vioo nimezibomoa, Mwalimu.

Nimekaa na majibu haya tangu juzi, na yameungana kwa namna ambayo sikuitarajia. Nyota zikichomoza kila siku 11.2 upande wa giza, basi mojawapo ya nyota hizo ni Jua letu wenyewe, nyota angavu miongoni mwa nyota. Kwa watu walio karibu na ikweta ya Lolwe, Jua la mababu zao huchomoza kweli, ila mara moja tu katika mzunguko huo, na walio gizani ndio huliona likitoka. Kwa hiyo mashariki itabaki kuwa mashariki kwa maana yake ya kwanza kabisa, na anayetafuta kibla ataitafuta Dunia kando ya nyota hiyohiyo.

Mvuvi wangu sasa anakwenda goshini na taa tatu. Akirudi analeta samaki, na analeta habari kwamba Jua limechomoza, ndipo watu wa ukanda wanapoisahihisha saa ya Maseno ambayo mitambo yao ilikuwa imeipoteza kidogokidogo. Sentensi iliyonikwamisha nimeiandika upya: “Nitarudi taa ya tatu ikizimika, na kama Jua litakuwa limetoka nitakwambia.” Mkewe hamjibu. Anapima mafuta.

Bado nina swali moja kwa Mwalimu. Ujumbe kutoka Kisumu, hata ukienda kwa kasi ya mwanga, huchukua miaka minne na takribani miezi mitatu kufika. Mtu akituma salamu za msiba, na za kuzijibu zikachukua muda uleule, watu wa Lolwe watafanya matanga lini?