Nimeuziwa bunduki ya Mauser byf 43 eti "namba zote zake", kumbe imegongwa namba upya. Huu ni wizi

Wakuu salaam. Nina wiki tatu nalala na hili jambo rohoni, leo limenishinda, kwahiyo mnivumilie nikiandika sana.

Mimi ni mtu wa Tanga, nipo Ohio mwaka wa 14 huu, nafanya kazi ghalani, na kile kidogo kinachobaki baada ya kodi na hela ya nyumbani kinaenda kwenye bunduki na bastola za zamani za vita. Nina leseni ya mkusanyaji, ile ya dola 30 kwa miaka mitatu inayokuruhusu kununua silaha za zamani zilizotimiza miaka 50, na daftari langu naandika kila inayoingia na inayotoka, hakuna hata moja iliyopita njia ya panya. Kuna wa kuja kuuliza Mbongo na bunduki za Wajerumani wapi na wapi, nitafika huko.

Kisa chenyewe ni hiki. Ninayo bastola ya P38 ya mwaka 1943 iliyotoka kiwanda cha Mauser pale Oberndorf, Ujerumani. Kipindi cha vita Wajerumani hawakuwa wanaandika jina la kiwanda kwenye silaha, wanagonga herufi za siri, na Mauser ya Oberndorf herufi zake ni byf, halafu mwaka, 43. Bastola yangu namba ya kwenye fremu, ya kwenye slaidi na ya kwenye mtutu ni moja, na kale kamhuri ka ukaguzi, katai kadogo juu ya 135, kapo pale pale kalipogongwa. Miaka minne nimekuwa nikitafuta bunduki ndugu yake, yaani Karabiner 98k, bunduki ya kawaida ya jeshi la Ujerumani, ya kiwanda hicho hicho mwaka huo huo na mhuri huo huo wa ukaguzi, niziweke pamoja nilinganishe alama kwa alama. Asiyekusanya ataona ni mambo ya ajabu, ila anayekusanya ananielewa.

Sasa mwezi wa pili nimeenda maonyesho ya bunduki, kuna mzee ana meza kubwa, anaheshimika, watu wanamsalimia, na juu ya meza imelala 98k imeandikwa byf 43. Moyo ulinienda mbio jamani. Akaniapia namba zote ni zake tangu kiwandani, yaani kila kipande kina namba ile ile, na kwamba mwanajeshi wa Kimarekani aliileta mwenyewe begini mwaka 1945 ikakaa kabatini kwa familia moja mpaka juzi. Bunduki iliyokuja namna hiyo bei yake inapaa kwasababu haijapita kwa fundi yeyote. Dola 2,600. Nikalipa. Nilikuwa nimeweka hiyo hela mwaka mzima na zaidi.

Nimefika nyumbani nikaitandikia shuka kwenye meza ya jikoni, nikafungua skrubu mbili za chini, nikatoa pete zinazobana mtutu na mbao, nikainua chuma kutoka kwenye mbao. Nikamulika tochi ndani ya ule mfereji unapolala mtutu. Wakuu, mfereji mzima ni mwekundu. Vanishi ile nyekundu nyekundu waliyokuwa wanapaka Wasovieti, nzito kama asali iliyoganda, imejaa kwenye kona ambazo msasa haukufika. Nje mbao imepigwa msasa na kupakwa mafuta ionekane ya zamani haijaguswa, ndani imesahauliwa. Na namba ya kitako iliyogongwa humo ndani wala haifanani na ya bunduki, hata tarakimu moja haikutani.

Nikachukua kioo cha kukuzia. Kwenye shingo la mkono wa bolti, kile chuma unachovuta kuingiza risasi, kuna mikwaruzo ya grenda, chuma kimeliwa kimeshuka, na juu yake namba mpya zimegongwa zimepinda, ile 4 haina umbo la 4 ya kwenye risiva, chuma kinachobeba bolti na mtutu. Nikalaza tochi pembeni ya risiva upande wa kushoto, mwanga ukawa unapita chinichini, ikajitokeza X. Imesuguliwa ikapakwa rangi nyeusi juu yake, lakini ipo, kama kovu. Nikakaa kwenye kiti nikaishiwa maneno.

Kwa wasiojua hiyo X ni nini. Jeshi Jekundu la Wasovieti liliteka bunduki hizi kwa wingi sana vitani, na baadaye zikapelekwa kwenye maghala yao zikafunguliwa zote, bolti pipa hili, vitako pipa lile, zikasafishwa, zikaunganishwa tena na chochote kilichokuwa karibu, namba za zamani wakazikata mstari au wakachora mpya kwa kalamu ya umeme, nyingi zikagongwa X, zikapakwa ile vanishi, zikafungiwa stoo. Umoja wa Kisovieti ulipoanguka zikaanza kuuzwa nje na nyingi zimekuja huku Marekani. Zikiingia mwagizaji analazimika kugonga jina lake na mji wake kwenye chuma. Yangu chini ya mtutu karibu na mdomo kuna sehemu bapa imepigwa tupa. Mnaelewa kilichokuwa pale.

Na mimi sina ugomvi na bunduki iliyotekwa na Warusi! Hili nataka lieleweke vizuri. Ninayo Mosin-Nagant 91/30, bunduki ya Warusi ya kiwanda cha Izhevsk, ya 1942, imekarabatiwa vilevile na vanishi ile ile, muuzaji aliniambia imekarabatiwa, nikalipa bei ya iliyokarabatiwa, naipenda mpaka leo. Ile X ilikuwa historia ya bunduki hii. Imetengenezwa Oberndorf, imeenda vita ya mashariki, aliyeishika amekufa au ametekwa, imelala stoo miaka hamsini. Huyu mtu kachukua grenda akaifuta hiyo safari yote ili apate dola elfu na kitu za juu, halafu akaweka hadithi ya begi. Sasa bunduki si ya Mrusi, si ya mwanajeshi wa Kimarekani, si ya mtu yeyote. Haiwezi kurudishwa tena, hata angenipa hela zangu zote.

Kuna na usalama. Bolti si yake, na bolti ya kuokoteza kama haikai sawasawa na mtutu ganda la risasi linaweza kupasuka karibu na jicho lako. Nimeipeleka kwa fundi akaipima kwa geji zake, imepita. Imepita kwa bahati, kwasababu aliyegonga zile namba hakupima kitu.

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu zote na picha. Jibu: "uliishika mwenyewe ukaiangalia, mauzo yameisha". Nikapiga simu hapokei, baadaye kaniblock. Na kilichonichoma zaidi ni wakusanyaji wenzangu wa hapa, watu tunaokunywa kahawa pamoja, eti ungefungua palepale mezani. Nani anaruhusiwa kufungua bunduki ya mtu kwenye meza yake kabla hajalipa? Lawama zote kwa aliyepigwa changa la macho, aliyelipiga anasalimiwa "mzee shikamoo". Pale pale mezani kwake alikuwa na Luger pia, P08, ile bastola ambayo Wajerumani waligonga tarakimu mbili za mwisho mpaka kwenye vipande vidogo kabisa, na yeye kaitia nikeli inang'aa, kingo za namba zimelainika kama sabuni iliyotumika. Kuna kijana aliinunua anacheka kwa furaha. Bado namfikiria.

Nimesema nitafika kwa Mbongo na bunduki. Babu yake babu yangu alikuwa askari wa Mjerumani. Vita ilipoanza 1914 askari wengi wa vikosi vya kule kwetu walikuwa bado na Mauser ya 1871, risasi moja moja, baruti ya moshi, ukifyatua tu wingu linaonyesha ulipo. Mwezi wa 11 Waingereza waliposhuka Tanga na kushindwa, waliacha bunduki za kisasa na risasi 600,000, ndio askari wakapata silaha za maana. Babu huyo hana picha, hana kaburi linalojulikana, jina lake hatuna lilipoandikwa. Kwa watu kama yeye kilichobaki ni vyuma na mihuri iliyogongwa juu yake, ndio maana nikiona mtu anasugua mhuri kwa grenda damu inanichemka.

Msimamizi wa maonyesho nimeshampelekea picha 41 na risiti. Kasema atanijibu kabla ya Jumamosi. Za ndani ya kitako na ya ile X nazipandisha hapa usiku nikitoka zamu, mwenye byf 43 ambayo haijaguswa naomba apige picha ya shingo la bolti yake aiweke, nataka ile 4 watu waione kwa macho yao.