Z4 E85 Mbeya: tairi za ranflati zimefika mwisho, niweke zipi?

Mkazi wa Loleza

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaozijua tairi.

Gari ni BMW Z4 E85 ya lita 3.0 kutoka Japani, rimu za inchi 18. Mbele ni 225/40R18 88W, nyuma 255/35R18 90W, zote ranflati (tairi zinazoweza kutembea hata upepo ukiisha). Za nyuma katikati bado zina kashata (meno ya uso wa tairi) ya milimita 5, lakini ukingo wa ndani umeshuka chini ya milimita 2. Za mbele zina milimita 4, ila namba ya DOT (inayoonyesha lini ilitengenezwa) inaishia na 3715. Gari halina spea, na hata ningeinunua hakuna pa kuiweka.

Matumizi: Mwanjelwa hadi Uyole kila siku, Tukuyu mara mbili kwa mwezi, Iringa kila baada ya miezi miwili hivi.

Nimepewa ushauri wa aina tatu. Wa kwanza, nibadilishe mbili za nyuma tu, niweke ranflati mpya. Wa pili, nyuma niweke ranflati na mbele za kawaida ili kupunguza gharama. Wa tatu, nichukue seti ya mtumba ya ranflati kutoka Japani. Hiyo seti ina kashata nene kabisa, na ubavuni ina alama ya mlima wenye vilele vitatu na theluji ndani yake. Nichukue upi?

---

Fundi Magurudumu

Mkuu, yote matatu yaache. Nitaanza na hiyo ya mtumba kwa sababu ndiyo ya hatari zaidi.

Alama ya mlima na theluji mara nyingi maana yake hiyo ni tairi ya majira ya baridi. Mpira wake ni laini makusudi ili ushike barafu, na kashata zake zimechanwachanwa mistari midogo. Kwenye lami yenye joto kashata zile zinapinda, gari linayumba kwenye kona, breki inachukua umbali mrefu, na tairi inaisha haraka. Baridi ya Mbeya, hata ile ya Juni na Julai asubuhi, si ya theluji. Tairi ya kiangazi inakutosha mwaka mzima.

Pili, ranflati ya mtumba haifai hata kama si ya theluji. Tairi ya kawaida ikitembezwa bila upepo, ubavu unachanika na kila mtu anaona. Ranflati ina mpira mnene ndani ya ubavu unaobeba gari upepo ukiisha, kwa hiyo inaweza kuwa imetembezwa kilomita nyingi bila upepo na nje isionyeshe kitu. Uharibifu uko ndani: mpira umeungua, umekunjamana, na ukipitisha kidole unatoka unga mweusi. Muuzaji hakubali uivue kwenye rimu uangalie, na ikija bila rimu huwezi kujua imepitia nini.

Kuchanganya nyuma ranflati na mbele za kawaida: ubavu wa ranflati ni mgumu, wa kawaida unalegea zaidi. Ukikata kona kwa kasi au ukikwepa kitu ghafla, mbele inajibu kwa namna moja na nyuma kwa namna nyingine. Hili ni gari fupi, linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na dereva amekaa karibu kabisa na ekseli ya nyuma. Halisamehi. Halafu tairi ya mbele ikipata pancha bado huna spea, kwa hiyo kwa nusu ya gari hujatatua chochote.

Sasa za mbele. DOT 3715 ni wiki ya 37 ya mwaka 2015. Milimita 4 si hoja tena, mpira umezeeka. Angalia kwenye shina la kashata na ubavuni, utakuta nyufa nyembamba kama nywele. Badilisha zote nne.

Ila kabla hujanunua chochote, peleka gari likakaguliwe nyuma. Katikati milimita 5 na ndani chini ya 2 ni tofauti kubwa mno. Z4 magurudumu yake ya nyuma yamelala kwa ndani kidogo tangu kiwandani, kwa hiyo ukingo wa ndani kutangulia kuisha ni kawaida, lakini si kwa kiasi hicho. Mara nyingi chanzo ni bushi (mipira ya kwenye maungio) za mikono ya nyuma, zile za mbele kabisa ya mkono zilizoungwa na bodi. Zikichoka, gurudumu linabadili uelekeo kila ukikanyaga mafuta au ukishika breki, na tairi inasagwa. Ukiweka tairi mpya juu ya bushi mbovu, ndani ya miezi michache utarudi hapa hapa na swali lile lile. Bushi kwanza, tairi pili, alainimenti (kunyoosha uelekeo) ya magurudumu yote manne mwisho.

---

Igawa Moja

Naheshimu maelezo ya fundi ila mimi ningeondoa ranflati kabisa. Inchi 18 yenye ubavu mwembamba, halafu ubavu wenyewe mgumu, kwenye barabara zetu ni kutafuta kupinda rimu. Shimo ambalo tairi ya kawaida ingelimeza, ranflati inalipeleka moja kwa moja kwenye rimu na kwenye shokamzoba. Weka za kawaida nne, nunua kompresa ndogo ya volti 12 na chupa ya dawa ya kuziba, maisha yaendelee. Tena za kawaida unazipata kirahisi. Ranflati za vipimo hivyo Mbeya utaambiwa subiri ziletwe kutoka Dar.

---

Fundi Magurudumu

Kuhusu rimu Igawa uko sahihi, na nitairudia hapo chini. Kuhusu dawa ya kuziba, tujue mipaka yake. Inaziba tundu dogo la msumari lililo kwenye uso wa tairi, kama milimita 4 hadi 6. Ubavu ukichanika haizibi kitu. Na barabara ya Tanzam inachana. Malori yanatupa vipande vya tairi vyenye nyuzi za chuma, na kingo za lami zilizomeguka zina mawe makali.

Ranflati inakupa kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa, upepo ukiwa umekwisha kabisa. Iweke kwenye safari za mwenye swali. Mbeya hadi Tukuyu ni kama kilomita 70, kwa hiyo popote utakapopata pancha, unafika upande mmoja au mwingine. Kwenda Iringa, miji yenye mafundi pancha iko njiani: Chimala, Makambako, Mafinga. Mafinga hadi Iringa ni kama 80, hapo usijipe moyo kwamba utamaliza kipande chote. Ukiwa na mizigo na jua kali, hesabu pungufu. Tembea 50 au 60, usikanyage breki kwa nguvu, na simama kwenye mji wa kwanza.

Kwa mtu anayepita Isongole usiku kwenye mvua na ukungu, kutosimama pembeni ya kona kubadilisha gurudumu ni usalama wa kweli. Hapo siwezi kumshauri aziache.

---

Mkazi wa Loleza

Asanteni sana. Basi nimeelewa: ranflati nne, na bushi kwanza. Je, hakuna namna ya kupunguza huo ugumu bila kuacha ranflati? Na nikiwa dukani nazitambuaje, maana kila kampuni ina herufi zake?

---

Fundi Magurudumu

Namna ipo: shuka inchi 17. Z4 3.0i ilitoka kiwandani pia na 225/45R17 kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo breki zinaingia bila shida. Piga hesabu. 225/40R18 ina kipenyo cha milimita 637, na 225/45R17 ina 634. Tofauti haifiki nusu asilimia, spidomita haijui. Lakini ubavu unapanda kutoka milimita 90 za mbele na 89 za nyuma hadi 101. Hizo milimita 11 au 12 za mpira ndizo zitakazookoa rimu kwenye shimo. Faida ya pili: tairi zote zikiwa kipimo kimoja unaweza kuhamisha za mbele nyuma na za nyuma mbele, kitu usichoweza kufanya sasa. Faida ya tatu: 225/45R17 ni kipimo cha magari mengi, kinapatikana kirahisi kuliko 255/35R18. Unachopoteza ni mshiko kidogo wa nyuma ukiondoka kwa kasi, na muonekano.

Rimu za kutafuta: 8J (upana inchi 8), boliti tano kwenye duara la milimita 120, tundu la katikati milimita 72.6, ET47 (uso wa kufungia uko milimita 47 nje ya katikati ya rimu). Upande wa ndani zisome kama zimepigwa EH2 au EH2+. Rimu hizo zina tuta linaloushika mdomo wa tairi (ukingo unaokaa kwenye rimu) usitoke upepo ukiisha. Rimu ya mapambo isiyo na tuta hilo inaweza kuitema tairi kwenye kona, na hapo ranflati haina kazi.

Herufi za ubavuni: Bridgestone huandika RFT, Michelin ZP, Continental SSR, Goodyear ROF, Dunlop DSST, Hankook HRS, Yokohama ZPS. Kwa BMW utaona pia RSC ndani ya duara, na nyota ikimaanisha tairi ilipitishwa na BMW yenyewe. MOE ni ya Mercedes: ni ranflati pia, ila ililinganishwa na gari lingine. Usikubali muuzaji akuambie "hii ngumu, ni ranflati" wakati herufi hazipo.

Namba ya uzito: kwa inchi 17 chukua 91, yaani kilo 615 kwa tairi. Usishuke. Herufi ya kasi iwe W au Y. Kisha soma DOT kwenye kila tairi, zote nne, siyo moja tu. Ranflati hukaa sana stoo kwa sababu wanunuzi ni wachache. Mimi sichukui iliyozidi miaka miwili tangu itengenezwe.

Kuvisha ndiko kazi inakoharibikia. Mdomo wa ranflati haukubali mtaimbo na nyundo. Ukilazimishwa, nyuzi za ndani zinakatika na rimu inachubuka. Tafuta gereji yenye mashine iliyo na mkono wa pili wa kukandamiza ubavu. Hakikisha wanapaka sabuni ya tairi midomo yote miwili, na upande wa juu wakati wa kuvisha mdomo uwe umezama kwenye bonde la katikati la rimu. Wakati wa kujaza, mdomo ukae kabla ya psi 40. Usipokaa, toa upepo, paka sabuni tena, anza upya. Asiongeze upepo kwa hasira.

Boliti za E85 ni M12, zifungwe kwa mpangilio wa nyota (kuruka boliti, si kwa kufuatana), 120 Nm kwa spana yenye kipimo, na zirudiwe baada ya kilomita 50 hadi 100.

---

Kyela Chini

Niongeze upande wa upepo, maana ranflati bila upepo sahihi ni hasara. Huwezi kuona kwa macho kwamba imepungua. Ubavu wake hausinyai. Hata ukiipiga teke hutajua.

Pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa vipimo vilivyobandikwa kwenye mlango wa dereva. Kila nyuzi 10 za baridi zinashusha karibu psi 1.5. Mwinuko nao unaingia. Ukishuka mita 1,000, hewa ya nje inakuwa nzito na geji inasoma karibu psi 1.5 pungufu, ila joto la huku chini linarudisha. Ndiyo maana ukitoka Mbeya, mita 1,700, ukashuka Kyela, geji haibadiliki sana. Kosa ni kupunguza upepo huku Kyela mchana tairi zikiwa za moto, halafu kupanda nazo usiku.

E85 kwa kawaida haina sensa ndani ya rimu. Inalinganisha mizunguko ya magurudumu kupitia sensa za breki za ABS. Ukishajaza sawa, bonyeza kitufe cha tairi hadi taa ya njano iwake, kisha endesha dakika kadhaa ijifunze. Usipofanya hivyo baada ya kubadilisha tairi, itapiga kelele bure au itanyamaza wakati wa shida. Na kama zote nne zimepungua kwa kiasi kilekile, haitasema. Geji ya mkononi bado inahitajika, kila wiki mbili.

---

Mkazi wa Loleza

Nashukuru mno. La mwisho: nikipata pancha ya msumari, fundi pancha anaweza kuziba?

---

Fundi Magurudumu

Inategemea umeitembeza vipi. BMW hupendelea ibadilishwe, na watengenezaji wa tairi wana masharti yao, wapo wanaoruhusu mara moja tu. Kama taa iliwaka ukasimama mapema na geji bado inasoma upepo wa kutosha, tundu liko katikati ya uso na halizidi milimita 6, ivuliwe, ikaguliwe ndani, izibwe kwa kiraka chenye mkia kutoka ndani. Ile kamba ya gundi inayochomekwa kutoka nje bila kuvua, usiruhusu, kwa sababu hakuna aliyeona ndani. Ukikuta unga mweusi au mikunjo ubavuni, au ulitembea geji ikisoma sifuri, tairi hiyo imemaliza kazi yake. Mwambie fundi aikate mdomo mbele yako, isije ikarudi sokoni.