Shule za charter New York: ufaulu wa kweli au mchujo wa wanafunzi?

Wakuu, kila mjadala wa elimu ya Marekani ukianza, lazima atokee mtu na matokeo ya Success Academy, mtandao wa shule za charter, akiuliza kwa nini shule za kawaida za New York zisijifunze hapo. Mwaka 2019 asilimia 99 ya wanafunzi wake walifaulu hisabati, wakati jiji zima halikufika asilimia 46. Na hao ni watoto wa Harlem, Bronx na Brooklyn, wengi wao weusi na Walatino wa familia za kipato cha chini. Anayedai mtoto wa maskini hafundishiki, hapo amejibiwa, na nafurahi amejibiwa.

Ila kabla ya asilimia naomba tufungue rejista.

Kwa wasiozifahamu, shule ya charter hupata fedha za umma na haitozi ada, lakini huendeshwa na taasisi huru kwa mkataba. Waombaji wakizidi nafasi, inapigwa bahati nasibu. Sheria ya kwanza ilipitishwa Minnesota mwaka 1991, New York ikafuata 1998. Success Academy ilianza Harlem mwaka 2006 chini ya Eva Moskowitz, aliyewahi kuwa diwani wa jiji.

Mwaka huo darasa la kwanza lilikuwa na watoto 73. Mwaka 2018 ilipotoa wahitimu wake wa kwanza wa sekondari, walikuwa 16. Wote wakapata nafasi vyuoni, hongera zao. Waliobaki njiani hawana sababu moja: wapo waliohama, waliopata shule nyingine, waliokariri darasa, na walioshindwa na utaratibu mkali. Tatizo langu ni kinachofuata baada ya mtoto kuondoka. Mtandao huu ulikuwa haupokei wanafunzi wapya baada ya darasa la nne, hivyo aliyeondoka darasa la sita kiti chake hakikujazwa. Shule ya mtaa wa pili inampokea hata aliyeshuka kwenye ndege wiki iliyopita, Februari, hajui Kiingereza. Kisha asilimia za shule hizo mbili zinawekwa bega kwa bega!

Mwaka 2015 New York Times iliandika kuhusu tawi la Fort Greene, ambako mkuu wa shule alikuwa na orodha ya watoto 16 ambao ilitakiwa waondoke. Tisa kati yao waliondoka. Uongozi ulisema ni kosa la mkuu yule, si sera. Mimi nasema mfumo unaozawadia asilimia peke yake utawazaa wakuu wa namna hiyo popote.

Mchangiaji wa kwanza
Mkuu, hoja nzito lakini umeishia njiani. Watafiti waliliona hilo zamani, ndiyo maana wakaacha kulinganisha shule kwa shule. Wanachukua waombaji wa bahati nasibu: aliyepata nafasi na aliyekosa. Wazazi wote wawili waliomba, wote wana hamu ileile. Na aliyepata nafasi akaondoka baadaye bado anahesabiwa upande wa waliopata, kwa hiyo huwezi kumficha. Boston walifanya hivyo, matokeo yakachapishwa 2011, na charter zilionyesha faida kubwa. MDRC, taasisi ya utafiti, wakaipima Success Academy yenyewe mwaka 2017, nako wanafunzi wa darasa la tatu walikuwa mbele. Mchujo hauelezi yote.

Mzazi, Bronx
Mimi siongelei vitabu. Binti yangu yuko charter, si mtandao mliotaja, na anasoma vizuri mno. Mdogo wake alichelewa kuongea. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani, na simu ilikuwa inapigwa saa nne asubuhi, njoo umchukue, hajatulia kwenye zulia. Kesho tena saa nne. Namwacha bibi wa watu na chai mkononi nakimbilia treni. Hakuna aliyewahi kuniambia mtoe mtoto. Nilimtoa mwenyewe, na kwenye karatasi nilijaza kwamba nimehama kwa hiari.

Mwalimu, Morogoro
Pole sana dada. Huku mchezo huo tunaujua: mtoto dhaifu anahamishiwa kituo kingine kabla ya mtihani wa kidato cha nne ili shule isishuke. Januari 2023 NECTA waliacha kutangaza shule kumi bora. Wengi walilalamika, mimi niliunga mkono.

Mleta mada
Mchangiaji wa kwanza, nakubali: watoto wanaoingia huko wanajifunza kweli, si kiini macho. Lakini bahati nasibu inampima aliyeomba tu. Utafiti wa Marcus Winters, mtafiti wa elimu, jijini New York ulionyesha kwamba pengo la wanafunzi wenye mahitaji maalumu linaanzia mlangoni, kwa sababu wazazi wao huomba kwa uchache. Na hapa mzazi ametuambia kwa nini jirani yake mwenye mtoto kama huyo asingejisumbua kuomba.

Tangu 2010 sheria ya New York inazitaka charter ziwe na malengo ya kuandikisha na kubaki na watoto wenye ulemavu, wanaojifunza Kiingereza na wa kipato cha chini. Haitoshi. Mimi nataka kila kiti kinachoachwa kijazwe, darasa lolote, na kila tangazo la ufaulu litaje walioanza na kundi hilo walikuwa wangapi.

Massachusetts mwaka 2016 walipiga kura kuhusu kuongeza charter, na asilimia 62 hivi wakakataa, licha ya tafiti zote za Boston, mji mkuu wa jimbo hilo. Mkuu, shule hizo zikikubali masharti yangu mawili, mimi ningepiga kura ya ndiyo. Wewe ungekubali masharti hayo, hata kama ile 99 ingeshuka?