Chanjo ya mapafu kwa nguruwe: dozi moja au mbili?

Mfugaji_Mpya:
Wakuu, salamu. Nguruwe wangu wa kunenepesha wana kikohozi kikavu, hasa wakiinuka au wakikimbizwa. Wanakula vizuri, ila uzito hausogei na kundi limepishana kimo. Daktari wa mifugo anashuku mikoplasma, bakteria wa nimonia ya nguruwe, na amenipa njia mbili za kuichanjia: dozi moja wiki ya 3, au dozi mbili, wiki ya 1 na ya 3. Ipi bora?

Banda_Safi:
Mkuu, wanaanza kukohoa na umri gani? Hapo ndipo penye jibu. Kinga huchukua wiki kadhaa kujengeka. Wakianza wakiwa wakubwa, dozi moja inatosha, na mtoto wa nguruwe anashikwa na kuchomwa mara moja tu. Wakianza punde tu baada ya kuachishwa ziwa, ningechagua mbili. Ila sindano ya wiki ya 1 hukutana na kinga waliyoipata kwenye dang'a la mama, ambayo inaweza kuipunguzia chanjo nguvu, kwa hiyo ya pili usiiruke kabisa.

Mama_Vitoto:
Nakubali, lakini usitarajie mikoplasma kutoweka. Chanjo hupunguza kikohozi na uharibifu wa mapafu. Haizuii kijidudu kukaa kwenye njia ya hewa wala kuambukiza wengine. Kijidudu hiki huharibu vinyweleo vinavyosafisha njia ya hewa, kisha bakteria wengine wanapita bila kizuizi. Msongamano na hewa nzito ya mkojo vikibaki, utachanja na kikohozi utaendelea kukisikia. Ingiza kundi zima kwa pamoja, litoe zima, osha, acha pakauke. Nasisitiza pakauke.

Fundi_Mifugo:
Mimi ningeanzia machinjioni, kuangalia mapafu. Ya mikoplasma huwa na mabaka ya zambarau, magumu, sehemu za mbele na chini. Ukikuta madonda upande wa nyuma juu, na mapafu yamegandana na mbavu, hapo fikiria aktinobasila, bakteria mwingine wa mapafu, hasa kama kuna waliokufa ghafla wakitoka povu lenye damu puani. Ugonjwa huo una chanjo yake; hii unayoulizia haiugusi. Na kama ni PRRS, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia uzazi na mapafu, usiguse chanjo hai (yenye kirusi kilichodhoofishwa) bila daktari, maana kirusi chake kinaweza kuhamia kwa wasiochanjwa.

Mfugaji_Mpya:
Asanteni sana. Kwangu wanaanza kwenye miezi mitatu hivi. Naweza kuchanganya na chanjo ya sakovirusi, kirusi kingine kinachodumaza nguruwe, kwenye bomba moja?

Banda_Safi:
Basi dozi moja. Kuchanganya ni pale tu maelezo ya chanjo zote mbili yanaporuhusu. Vinginevyo choma kila moja upande wake wa shingo, nyuma ya sikio.

Mama_Vitoto:
Na itunze nyuzi 2 hadi 8. Iliyoganda itupe, hata ikiyeyuka ikaonekana nzima. Mwenye homa siku hiyo mwandike pembeni, umchanje akipona.