Bodi ya SRX-09 haikai kwenye XP-60: nitafute bodi nyingine au kinanda kingine?

kinanda_arua
Ndugu zangu, nimeingia mkenge. Napiga kinanda cha Roland XP-60 kanisani hapa Arua, na nilitaka sauti zaidi za vyombo vya asili. Muuzaji mmoja Kampala akaniuzia SRX-09, bodi ya kuongeza sauti inayochomekwa ndani ya kinanda, akasema bodi za Roland ni zilezile tu. Jana usiku nikakilaza kinanda kifudifudi juu ya blanketi, nikafungua kifuniko cha chini. Nafasi nne ziko tupu kabisa, lakini viunganishi havionani hata kidogo. Pesa harudishi. Sasa nina njia tatu: nitafute bodi inayofaa, niuze XP-60 nichukue Fantom-X6 ya Roland, au nichukue Motif ES6 ya Yamaha ambayo jamaa anaiuza Mbarara. Mnasemaje?

fundi_bwaise
Pole sana, na bahati yako hukulazimisha. Hapa kwangu nimeshapokea vinanda ambavyo mtu alibonyeza kwa kidole gumba mpaka soketi ikapasuka.

Usiangalie jina la kampuni, angalia familia ya bodi. XP-50, XP-60, XP-80 na JV-1080 zinachukua SR-JV80 peke yake. Fantom-S, Fantom-X na Juno-G zinachukua SRX. Fantom-G iliyokuja baadaye ikaacha SRX ikachukua familia nyingine, ARX, kwa hiyo hata jina la Fantom linadanganya. Za kuchukua zote mbili ni chache: XV-88, XV-3080 na XV-5080.

Kwako wewe dawa ya karibu ni SR-JV80-05 World. Sehemu kubwa ya SRX-09 imetoka humo, na kwenye namba 14 ya Asia na namba 18 ya Latini. Una nafasi nne, hata zote tatu zinaingia.

solo_gulu
Mimi ningeenda Mbarara. Motif ES ina nafasi tatu za bodi za PLG, familia ya Yamaha, na hizo si sauti tu, nyingi ni sintesaiza kamili zenye injini zao. PLG150-DX, yenye sauti za Yamaha DX7, ukishaisikia kwenye rumba hutarudi nyuma.

fundi_bwaise
@solo_gulu, kaka, mwenzako anatafuta vyombo vya asili, wewe unampa DX! Na PLG150-AN, bodi ya sauti za analogi, inatoa noti tano tu kwa wakati mmoja. Tena akizoea PLG halafu siku moja akapanda kwenye Motif XS, toleo lililofuata, atakuta nafasi hizo hazipo. Atarudi hapahapa kulia.

solo_gulu
Hiyo ya XS nakubali. Noti tano za AN kwa solo zinatosha, usimtishe mtu.

mama_kwaya_jinja
Mwanangu wa Arua, swali moja: ni chombo gani hasa unachokitaka? Kama ni adungu, kinubi chetu cha nyuzi, usinunue bodi yoyote kabla hujaisikiliza. Sisi hapa tulinunua bodi ya "dunia" tukitafuta amadinda, marimba ya Kiganda ya mbao, tukaishia kutumia sauti ya marimba ya kawaida na kuipunguza besi. Ilikubalika Jumapili, lakini wazee walijua. Baadaye tukaenda kwa mpigaji mwenyewe na maikrofoni, tukarekodi ubao mmoja mmoja, pigo dogo na pigo kubwa. XP-60 haiwezi kurekodi sampuli, yaani vipande vya sauti halisi kama hivyo, Fantom-X inaweza. Kwangu hiyo ndiyo sababu pekee ya kubadilisha kinanda.

fundi_bwaise
Mama amesema. Ila mkiagiza Fantom kutoka Japani, tazameni kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka. Za soko la kule ni volti 100, sisi tuna 240. Bila transfoma ya kushusha, pawa saplai inakufa siku hiyohiyo.

midi_ntinda
Mbona hakuna aliyetaja njia rahisi? Bodi unayo tayari. Tafuta boksi dogo la sauti la Roland, XV-2020, halina vibonyezo vya kupiga ila lina nafasi mbili za SRX. Chomeka SRX-09 humo, vuta waya wa MIDI, unaobeba amri za noti, kutoka MIDI OUT ya XP-60 uingie MIDI IN ya boksi, weka chaneli ileile pande zote mbili. Unapiga XP-60, inalia SRX-09. XV-5050 nayo ina nafasi mbili, ukiipata kwanza chukua hiyo. Boksi litahitaji njia mbili kwenye miksa, basi.

Na wakati wa kufunga bodi: zima, chomoa waya ukutani, gusa chuma kwanza, shika bodi kwa kingo. Meno ya kiunganishi usiyaguse.

solo_gulu
Hiyo imenishinda. Nyamaza, Motif.

kinanda_arua
Asanteni sana. Mama, ni adungu kweli, umenishika. Nimemwambia jamaa wa Mbarara aendelee na mteja mwingine. XP-60 inabaki, natafuta XV-2020 kwa ajili ya ngoma na filimbi, na adungu itasubiri hadi mjomba aje na yake, tutaipiga laivu. Miksa yetu ina njia sita na zote zimejaa, kwaya pekee inakula nne. @midi_ntinda, nikitumia upande mmoja tu wa boksi, mono, nitapoteza nini?