Chmod 600 haishiki, ssh inakataa ufunguo wangu

Karani_wa_mizani:
Wakuu, habari za jioni. Naandika uzito wa dagaa hapa mwalo wa Kirumba, usiku natuma faili kwenye seva kwa ssh (njia salama ya kuingia kompyuta ya mbali, kwa faili la siri liitwalo ufunguo). Natumia Ubuntu ndani ya Windows (WSL). Jana nimehamishia ufunguo C:\funguo, ssh ikagoma: ruhusa ziko wazi mno. Nikapiga chmod 600 (amri ya kubadili ruhusa, mwenye faili tu asome na kuandika), kimya. Nikatazama kwa ls -l, bado rwxrwxrwx, yaani wazi kwa wote. Nikaongeza sudo, vilevile. Kwa hasira nikapiga chmod 777 (ruhusa zote kwa wote) folda nzima.

Fundi_Nyakato:
Mkuu, bahati yako hata hiyo 777 haikushika! Diski C ya Windows, ndani ya WSL inaitwa /mnt/c. Kwa kawaida WSL haihifadhi humo ruhusa za Linux, kwa hiyo chmod ni kumpigia mbuzi gitaa. Nakili ufunguo kwenye folda yako ya nyumbani ya Linux (~):

cp /mnt/c/funguo/id_ed25519 ~/.ssh/
chmod 600 ~/.ssh/id_ed25519

Kule ni ext4, mfumo wa faili wa Linux, itashika. Ule wa C ufute.

Mama_Seva:
Ukitaka chmod ifanye kazi hata kwenye C, fungua /etc/wsl.conf kwa sudo, andika:

[automount]
options = "metadata,umask=22,fmask=11"

Kisha kwenye PowerShell (dirisha la amri la Windows): wsl --shutdown, WSL izime na ikiwaka isome mipangilio mipya. Usiporuka hatua hiyo hutarudi kulia hapa. Mimi nililia siku mbili.

Karani_wa_mizani:
Nimefuata ya Fundi. Sasa inasoma -rw-------, na faili za jana zimeondoka. Ya Mama nitaijaribu Jumapili, mizani ikipumzika. Asanteni sana.