Tupeane uzoefu: Wenye biashara ndogo Dar mnaowatumia wateja jarida la imeili, mnawapata wapi na mnawashikaje wasikimbie?

Binti Vitenge (mleta uzi)
Wakuu habari za jioni. Kuna jirani yangu hapa Sinza anauza mikoba, ukurasa wake umeibwa na wahuni juzi, sasa wanawauzia watu sarafu za mtandaoni kwa jina lake. Wateja wake wote walikuwa mle mle. Hana namba zao, hana imeili, hana hata daftari. Amekaa dukani kashika tama.

Nikakumbuka ile Jumatatu ya Oktoba 4, 2021, WhatsApp, Instagram na Facebook zilipozima kwa mpigo, kuanzia saa kumi na mbili na ushee jioni mpaka usiku wa manane. Nilikuwa nasubiri vipimo vya sare za harusi, nikawa nazima simu nawasha, nadhani bando limekata. Tangu hapo nakusanya imeili za wateja na kila mwezi natuma kajarida: vitenge vilivyoingia, namna ya kufua visichuje, mshono mmoja mpya. Kuwapata watu ni kazi. Kuwashika wasikuchoke ndiyo kazi zaidi. Nyie wenzangu mmekutana na nini? Leteni visa.

Chumvi Kidogo
Nimekaa pale.

Mzee wa Spea
Bongo hii nani anasoma imeili? Watu wanaangalia stetasi. Mnajipa umuhimu tu.

Binti Vitenge
Shikamoo mzee. Hizo stetasi anaziona aliyehifadhi namba yako. Hata ile orodha ya kutuma kwa pamoja WhatsApp, mwisho watu 256 kwa orodha moja, na asiyekuhifadhi hapati kitu. Wewe wateja wako wote wamekuhifadhi?

Mzee wa Spea
Marahaba. Wanaonidai wamenihifadhi wote.

Kaptaini Temeke
😂😂 mzee!

Asali ya Tabora
Nauza asali, miaka yote nakuwa na meza Sabasaba pale Barabara ya Kilwa. Wadau, tatizo la mji huu si watu kukunyima imeili. Wanakupa vizuri tu. Ila wanakupa ile waliyofunguliwa na kijana aliyewauzia simu Kariakoo. Kijana kaifungua ili Play Store ikubali, neno la siri kaweka la kwake au katumia tarehe ya siku hiyo, basi. Mwenye simu hajawahi kuingia mle hata siku moja. Unamtumia jarida zuri, linakwenda kukaa kwenye nyumba isiyo na mtu.

Na ukitumia daftari ndiyo umekwisha. Watu wanaandika wamesimama, mkono mmoja kijiko cha asali ya kuonja. Herufi g inakuwa 9, mwingine anaandika "gmail.con", ukurasa wenyewe una vidole vya asali mpaka kurasa mbili zinashikana. Nilirudi nyumbani na majina kama mvua, nilipotuma karibu nusu yalirudi.

Siku hizi naweka kishikwambi mezani, mtu anaandika mwenyewe, na palepale anapata ujumbe wa kuthibitisha. Nampa kichupa kidogo cha asali AKISHAUFUNGUA ujumbe mbele yangu. Asiyeweza kuufungua namshukuru, namuuzia, anaondoka. Orodha imekuwa fupi, lakini nikituma watu wanajibu kabisa: "shikamoo mama, ya mgunga imeshaingia?"

Kaptaini Temeke
Nakazia. Hapo kwa kijana wa Kariakoo umeua. Mimi mwenyewe imeili yangu ya simu siijui.

Dalali wa Data
Mnajitesa bure. Nina orodha ya imeili 50,000 za Dar tupu, maofisa, mabenki, mahospitali. Elfu thelathini tu. Njoo PM.

Fundi Seva
Wakuu msimguse huyu hata kwa fimbo. Kwanza orodha hizo zimejaa anwani zilizokufa. Ukituma, zinarudi kwa wingi na seva za kupokea zinakuweka kwenye kundi la wahuni. Pili, wale ambao ni hai hawakujui, wanabonyeza kwamba ni taka. Google wanataka malalamiko ya taka yasifike asilimia 0.3, yaani watu 3 kwenye 1,000. Ukivuka hapo hata mteja wako wa kweli aliyejiandikisha kwa hiari haioni barua yako, inalala kwenye folda ya taka. Tatu, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume ya kuisimamia ipo. Mtu ana haki ya kukuzuia usitumie taarifa zake kumtangazia biashara. Ukiulizwa imeili ya huyu umeitoa wapi, utasema umenunua kwa Dalali?

Dalali wa Data
Wivu tu. Nani amewahi kukamatwa?

Fundi Seva
Kaa hapo hapo.

Mama Keki
Nilikuwa napita kimya kimya ila Fundi aliposema taarifa binafsi nimekumbuka balaa langu. Nilisimulie au niache?

Chumvi Kidogo
Mama leta. Nimesogeza kiti.

Mama Keki
Picha linaanza. Natengeneza keki, nipo Tabata. Anayeagiza naandika jina, imeili, tarehe, shughuli gani, na maneno ya kuandika juu ya keki. Nina mpwa wangu anasoma mambo ya kompyuta, akaniambia shangazi, hizi tarehe ni mali. Akafunga mfumo, wiki moja kabla mwaka haujatimia unamtumia mteja ujumbe wenyewe. Na kweli jamani, oda zilirudi mpaka nikaongeza binti wa kupaka krimu. Ujumbe ulikuwa mtamu: "Ndugu fulani, mwaka jana wiki kama hii tulikutengenezea keki hii, unakumbuka? Mwaka huu tukuwekee maneno yaleyale?" Chini yake picha ya keki na maneno yake.

Ijumaa moja asubuhi nachekecha unga, bajaji ikasimama mlangoni. Wakashuka wanawake wawili. Mmoja kavaa dera la zambarau, kashika kishikwambi cha mtoto, kile chenye kava la mpira lenye masikio ya sungura. Mwenzake mikono mitupu, ila kajifunga kanga kiunoni. Nikajua huyu wa kanga ndiye wa vita. Wa kishikwambi akaniuliza kwa upole kabisa: "Dada, hii keki umetengeneza wewe?" Naangalia, keki yangu. Waridi zile nyekundu nilizipaka kwa mkono wangu.

Ngoja nitoe keki jiko, narudi.

Kaptaini Temeke
Mama Keki usitufanyie hivyo!!!

Chumvi Kidogo
Hii arosto sasa. Mwenye namba yake ampigie.

Safari za Mwenge
Wakati tunasubiri, nirudi kwenye mada kidogo. Sisi tunapeleka wageni Mikumi na ile sehemu ya Selous ya zamani ambayo siku hizi ni Nyerere. Wateja wengi Wajerumani na Waingereza, hao imeili ndiyo maisha yao. Ila msidanganywe na asilimia ya waliofungua. Tangu Septemba 2021 Apple inapakua picha za barua zenyewe kabla mtu hajagusa, kwa hiyo mwenye iPhone anayetumia programu yao ya barua na kuwasha kinga yao ya faragha anaonekana amesoma hata kama amelala. Nilishangilia miezi kadhaa, kumbe nashangilia mashine. Angalia wanaobonyeza kiungo na wanaojibu. Mwisho wa kila barua nauliza swali moja jepesi, mfano mnyama gani ungependa kumwona kwanza. Wanaojibu chui ndio wanaolipa, sijui kwa nini.

Chumvi Kidogo
Sawa kaka, chui tumewasikia. Mama Keki yuko wapi?

Mama Keki
Nimerudi. Juu ya keki palikuwa pameandikwa "Malkia wangu, miaka 3 ya furaha". Huyu dada ana ndoa ya miaka kumi na moja. Baba watoto aliingiza imeili yake kwenye kishikwambi ili mtoto apakue michezo, akasahau. Mtoto anacheza, ujumbe wangu ukadondoka juu ya mchezo na picha yake na waridi zake. Mtoto akampelekea mama: "Mama, baba kakununulia keki."

Jamani. Nilitamani ardhi inimeze.

Akaniuliza ilipelekwa wapi. Nikamwambia mama, mimi natengeneza, anayepeleka ni bodaboda. Wa kanga akadakia: "Bodaboda gani? Daftari liko wapi?" Daftari la oda lilikuwa juu ya stuli. Nikalikalia. Sikuinuka mpaka walipoondoka, na keki ya mtu ikaungua jikoni naisikia harufu.

Saa sita mwanaume akapiga, ananiambia nimevunja nyumba yake, atanishtaki. Saa kumi akapiga tena, mpole kama maji ya mtungi. Eti naweza kumwambia mkewe mfumo ulikosea ukamtumia keki ya mtu mwingine? Nikamwambia kaka, juu ya keki naandika unachotaka, huo uongo utajiandikia mwenyewe.

Mzee wa Spea
Hii chai. Tena ina tangawizi.

Mama Keki
Mzee njoo Tabata nikuoneshe daftari.

Mzee wa Spea
Si ulilikalia?

Shangazi wa Ilala
Mama Keki ulikosea kulikalia. Mwanamke mwenzio kaja kwa adabu, ungempa anwani. Wanaume wanalindwa mpaka na wauza keki!

Fundi Seva
Hapana shangazi. Hapo ndipo alipofanya sawa. Anwani ile ni ya mtu wa tatu. Angeitoa, na kule kukatokea fujo, angejibu nini polisi?

Shangazi wa Ilala
Mtu wa tatu! Ndiyo mnavyowaita siku hizi?

Kaptaini Temeke
😂😂😂 uzi umekufa, uzi umezikwa.

Binti Vitenge (mleta uzi)
Wakuu tafadhali, Malkia anzisheni uzi wake. Mama Keki, sasa hivi mfumo wako ukoje?

Mama Keki
Tunatuma bado, sijaacha. Ila ujumbe unasema tu "siku yako maalumu inakaribia", hakuna picha, hakuna maneno ya keki, kichwa cha habari kina jina la duka peke yake. Na wakati wa kuagiza tunamuuliza mteja, tukukumbushe mwakani? Ndiyo au hapana. Ukiwaona wanaume wanavyokimbilia hapana, utacheka.

Mzee wa Spea
Haya, na mimi niseme la kweli. Wa rejareja hasomi imeili, hapo sibadiliki. Lakini kampuni zenye magari, yule ofisa manunuzi anaishi ndani ya imeili. Nikiingiziwa mzigo, mwanangu anawatumia orodha ya spea na bei, maandishi matupu, bila mapambo. Wanaichapisha wanaiambatanisha kwenye maombi yao. Hiyo si jarida lakini.

Safari za Mwenge
Mzee, hiyo ndiyo jarida lenyewe.

Mzee wa Spea
Ni bei.

Binti Vitenge (mleta uzi)
Fundi, mimi natuma kwa Gmail yangu ya kawaida, wateja naweka kwenye nakala fiche (Bcc). Kuna siku ilikataa kabisa kutuma.

Fundi Seva
Gmail ya kawaida mwisho watu 500 kwa siku, halafu inakufungia kwa muda. Nunua domeini ya .co.tz, yaani jina lako mwenyewe la mtandaoni, kisha tumia huduma ya kutuma majarida. Brevo ya bure inakupa barua 300 kwa siku, kwa mwenye watu wachache inatosha, unagawa siku mbili. Mailchimp inafaa pia, ila ujue inawahesabu hata waliojiondoa mpaka uwatoe kwenye hesabu wewe mwenyewe. Kisha weka rekodi tatu kwenye domeini, za kuthibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli: SPF, DKIM na DMARC. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza. Anayewatumia watu wa Gmail barua 5,000 kwa siku anatakiwa awe na zote tatu na kitufe cha kujiondoa kwa mguso mmoja, ila hata wewe mdogo weka. Na msiweke bango moja kubwa kama la mkutano wa injili. Mtu mwenye bando la kuunga haoni kitu, anaona boksi jeupe. Andika maneno, picha moja nyepesi. Gmail barua ikizidi KB 102 bila kuhesabu picha inaikata, na kitufe cha kujiondoa kikikatwa mteja anaona rahisi kubonyeza taka.

Kaptaini Temeke
Kitufe cha kujiondoa mimi nilikificha, maandishi meupe juu ya meupe. Watu hawaondoki 😎

Fundi Seva
Wanaondoka, wanapitia mlango wa taka. Bora aage.

Asali ya Tabora
Mimi wasiofungua miezi sita nawaandikia mara moja: bado upo? Asipojibu namtoa.

Safari za Mwenge
Usitoe mama! Nina mgeni alikaa kimya miaka miwili, siku moja akajibu barua, akaja na familia nzima.

Asali ya Tabora
Safari ni mara moja kwa miaka. Asali inaisha.

Chumvi Kidogo
Mnatuma siku gani? Mimi Ijumaa jioni, watu wametulia.

Shangazi wa Ilala
Ijumaa jioni watu wako foleni ya Mbagala wanatukanana na konda. Tuma Jumanne asubuhi.

Mzee wa Spea
Tuma tarehe 27, mshahara umeingia. Siku nyingine zote ni kelele.

Binti Vitenge (mleta uzi)
Hiyo ya mzee naichukua. Fundi, nimekutumia PM, hizo rekodi tatu zimenishinda, kila nikiweka inaniambia si sahihi. Nipo Sinza, pita Jumamosi, gharama yako tutaongea na chai ipo. Chai ya kunywa, si ya Mama Keki.

Mama Keki
Nimeona 😒